Siku Mbili Jangwani Ndani ya Kijumba cha Magurudumu



Katikati ya Mfunguo Pili mwaka 1446, yaani mwezi wa Mei 2025, mimi na mke wangu tulikuwa wageni wa binti yetu katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, nchini Marekani. Mumewe ni dereva wa magari ya mizigo, kijana wa kwetu Tanga, mchapa kazi na mkarimu. Siku ya tatu tangu tufike alinichukua nyuma ya nyumba, akanionyesha kwa furaha kitu kilichofunikwa turubai. Alipolivuta turubai nikaona kijumba cha bati la alumini, chenye magurudumu mawili, urefu wake hatua sita za mtu mzima. Ndani mlikuwa na kitanda, benchi mbili zigeukazo kuwa kitanda, jiko la gesi, na sanduku la kutilia barafu. Hilo ndilo tela la kulala, nalo hufungwa nyuma ya motokaa na kukokotwa popote atakapo mwenyewe.

Wamarekani wengi wana desturi ya kusafiri kwa matela ya namna hii. Ziko kambi za kulipia, na katika kila uwanja pamesimamishwa nguzo ya umeme. Mtu huchomeka waya wake, kiyoyozi kikavuma usiku na mchana, akalala kama yuko hotelini. Lakini ziko pia nyika kubwa za serikali ambazo mtu huruhusiwa kupiga kambi bila malipo, kwa kawaida muda usiozidi siku 14. Huko hakuna nguzo, hakuna bomba, hakuna jirani ila umtakaye. Mkwe wangu alizipenda nyika hizo, kwanza kwa utulivu wake, na pili, kama alivyokiri mwenyewe akicheka, kwa sababu ya bei.

Nilimwuliza, "Mwanangu, na joto?"

Akajibu, "Baba, aliyeniuzia amesema liko betri, na paneli ya umeme wa jua juu ya paa. Halihitaji umeme wa kambi."

Maneno hayo yalikuwa kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyotaka kutugharimu. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu kwa muda wa miaka thelathini, na laiti ningaliketi siku ile na kalamu ningaliona mara moja. Kiyoyozi kidogo cha tela hutaka wati 1,200 au zaidi. Betri ya kawaida ya volti 12, yenye uwezo wa saa-ampea 100, ukiitumia nusu yake ili isiharibike, hutoa kiasi cha wati 600 kwa muda wa saa moja. Basi kiyoyozi kitaimaliza katika nusu saa. Bali feni ndogo ya wati 30 itazunguka kwa betri ile ile saa 20, na jua la kesho litaijaza tena. Hii ndiyo maana asiye na nguzo ya umeme hana budi aiache fikira ya kuipoza hewa kwa mashine, atafute njia ya kulizuia joto lisiingie, na kulitoa lile lililokwisha ingia.

Lakini hesabu hiyo hatukuifanya. Tulifunga safari.

Tulikusudia kwenda Quartzsite, mji mdogo ulio magharibi ya Phoenix, mwendo wa kilomita 200 na kitu kwa barabara kuu. Wakati wa baridi mji huo hufurika maelfu kwa maelfu ya watu wenye matela, wengi wao wazee wanaoikimbia theluji ya kaskazini, hata jangwa likaonekana limeota mabati meupe. Lakini mimi sikuvutwa na matela. Nilisikia kwamba huko liko kaburi la mtu aliyeitwa Hajji Ali, na nikasema haiwezekani nifike Arizona nirudi Tanga bila kulizuru.

Tuliondoka baada ya Alfajiri. Saa tatu asubuhi tulikuwa tumekwisha fika, watu sita: sisi wazee wawili, binti yetu na mumewe, na wajukuu wawili, wa kwanza wa miaka saba na wa pili wa miaka mitatu. Uwanda ni wa changarawe nyeusi, tambarare, na milima ya mawe imeuzunguka kwa mbali. Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha; matela yaliyobaki yalihesabika. Mkwe wangu aliona korongo la mchanga lenye miti ya paloverde iliyotoa kivuli chepesi, akataka kulitia tela humo. Binti yetu akakataa katakata. Makorongo hayo ni njia za maji. Mvua ikinyesha milimani, maili nyingi kutoka hapo, maji huja kwa ghafula kama ukuta hali mbingu juu ya mtu ni safi. Katika hilo alikuwa na haki, wala mtu yeyote asidanganywe na kivuli cha korongo la jangwani.

Basi tukasimama uwandani. Tela likaelekezwa kaskazini ili tuitazame milima kwa dirisha kubwa, na dirisha hilo lilikuwa upande wa kushoto. Mlango na turubai la kivuli vilikuwa kulia. Ndugu msomaji, tafadhali litie akilini jambo hili: tela likitazama kaskazini, kushoto kwake ni magharibi.

Mchana tulipika wali ndani, kwa jiko la gesi. Tukasali Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili, kwa kukusanya. Binti yetu akamlaza mdogo kitandani karibu na dirisha kubwa, akafunga vioo vumbi lisiingie, nasi tukatoka kuketi nje. Na nje palikuwa pazuri! Tela lenyewe lilikuwa limetupa kivuli kirefu upande wa mashariki, upepo ukivuma kidogo, na jasho likikauka kabla halijaonekana. Tulikunywa chai, tukazungumza habari za nyumbani. Kipimajoto cha mkwe wangu kilionyesha digrii 39 za Sentigredi, nasi tukasema hata si mbaya, joto la huku ni kavu.

Ilikuwa yapata saa kumi mke wangu aliposema, "Mwalimu, huyu mtoto mbona usingizi wake mrefu?"

Alipofungua mlango ilimpiga pumzi kama ya tanuri ya mkate. Mtoto alikuwa mwekundu usoni, nywele zimelowa, mwili unawaka. Tulipomwita alifungua macho akayafumba tena, wala hakutaka kuinuka. Baadaye kipimajoto kile kilipotiwa ndani kilipanda kikafika 47. Sisi tulioketi kivulini tulikuwa tumepewa kivuli na ukuta ule ule uliokuwa ukimwoka mtoto kwa upande wa pili.

Lahaula! Mama yake alianza kulia. Ng'ambo yetu, kiasi cha hatua mia, palikuwa na tela jingine, na mwenyewe, mzee wa Kimarekani mwenye ndevu nyeupe, aliyaona tuliyokuwa nayo akaja mbio kwa kadiri ya umri wake, na ndoo ya maji mkononi. Hakuuliza mengi. Alituambia tumlaze mtoto kivulini, tumvue nguo, tummiminie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Akatuonya kwamba kama atatapika, au atasema maneno yasiyo na maana, au hataamka vema, tupige simu ya hatari hapo hapo, wala tusingoje hata dakika moja. Mkwe wangu alikuwa amekwisha kuishika simu. Mke wangu alimpepea kwa sinia ya bati. Baada ya dakika kumi hivi mtoto akafungua macho, akaomba maji. Akapewa kidogo kidogo. Baada ya nusu saa akataka kujua nani amekula biskuti yake. Alhamdulillahi.

Sisemi haya ili kuwatisha wasomaji. Lakini katika mwaka 2023 mji wa Phoenix ulipata siku 31 mfululizo ambazo kila moja joto lake lilifika au kupita digrii 43, na katika wilaya ya Maricopa, iliyo na mji huo, watu 645 walikufa mwaka ule kwa sababu zilizohusiana na joto. Hao walikuwa katika nchi yenye mahospitali na umeme tele. Joto la jangwa halina kishindo, na mtu hupita katika hatari yake akidhani amesinzia tu.

Jioni ile yule mzee alirudi, akaketi nasi, akala wali wetu uliobaki. Yeye hana nyumba nyingine isipokuwa tela lake. Wakati wa baridi hukaa Quartzsite, na wakati wa joto huhamia milimani. Mwaka huu alichelewa kwa kuwa alingoja kipuri cha motokaa yake. Mkwe wangu alimwuliza ni mashine gani aitumiayo kupoza tela lake. Mzee akaonyesha kwa kidole magurudumu. Kisha akatueleza makosa yetu moja baada ya moja bila kutuonea haya, nasi tulistahili.

La kwanza ni namna tulivyolisimamisha tela. Jua la mchana, wakati wa kiangazi katika nchi hizo, huwa juu sana, na ubavu wa kusini haupati mwako mkubwa. Jua la kuogopwa ni la alasiri, lijalo chini chini kutoka magharibi na kupiga ukuta kwa uso wake wote. Basi tela lielekezwe magharibi, ili jua hilo likute kile kichwa chembamba tu, na ubavu mpana wenye mlango na turubai uwe kaskazini. Tulilifunga tena kwenye motokaa usiku ule ule tukaligeuza. Nami nikagundua jambo lililonifurahisha. Kutoka Arizona kibla hakielekei mashariki kama wengi wadhanivyo, bali, kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi ya kwenda Makka hupita kaskazini na kuchepuka kidogo mashariki. Basi kivuli cha turubai kilipokuwa kaskazini, kikawa ndicho msala wetu, na imamu akasimama pasipo kupigwa jua.

La pili ni madirisha. Kioo kikiingia jua hugeuka kuwa jiko. Watu wengi huweka pazia kwa ndani wakadhani wamekizuia, hali joto limekwisha pita kioo na limo nyumbani. Kizuizi kizuri huwekwa nje. Mzee alitupa karatasi ngumu yenye ngozi ya alumini ing'aayo, tukaikata kwa kipimo cha dirisha kubwa na kuipachika upande wa nje. Paa nalo, alisema, lipakwe rangi nyeupe ya kuzuia joto, kwa maana bati lililochakaa na kuingia vumbi hunywa jua kama sifongo inywavyo maji.

La tatu, kupika ndani. Juu ya hili sina la kujitetea. Mwanamke yeyote wa pwani ajua kwa nini jiko letu la zamani lilijengwa uani, mbali na vyumba vya kulala. Nasi tulikiacha kilichojulikana na mama zetu kwa sababu tela lilikuwa na jiko zuri la kung'aa.

La nne ni kufunga vioo. Hewa ya moto hupanda. Juu ya paa palikuwa na kidirisha chenye feni ndogo ya betri, nasi hatukuwa tumekigusa. Feni hiyo ifunguliwe itoe hewa nje, si kuiingiza, na dirisha moja la chini, upande wa kivuli, liachwe wazi. Hapo hewa mbichi huingia chini na ya moto hufukuzwa juu. Madirisha yote yakifunguliwa ovyo, feni huvuta hewa ya dirisha lililo karibu nayo tu, na kitandani hapafiki kitu.

Alfajiri ya siku ya pili ilikuwa ya baridi nzuri, kiasi cha digrii 21. Tulikwenda makaburini kabla jua halijakomaa.

Kaburi la Hajji Ali limejengewa piramidi ya mawe, na juu yake amesimama ngamia wa shaba. Lilijengwa na idara ya barabara ya jimbo mwaka 1935. Jina lililoandikwa ni Hi Jolly, kwa maana ndivyo masikio ya askari wa Kimarekani yalivyolisikia jina lake. Habari zake ni hizi. Mwaka 1855 Baraza la Marekani lilitoa dola 30,000 ili jeshi lijaribu ngamia katika nchi kavu za magharibi. Mwaka 1856 merikebu iliwaleta ngamia wa kwanza katika pwani ya Texas, pamoja na watu wachache kutoka nchi za dola ya Uthmaniya waliojua kuwachunga. Ali alikuwa mmoja wao. Mwaka 1857 msafara wa Edward Beale ulipita na ngamia hao jangwani mpaka mto Colorado na kuvuka. Ngamia walibeba mizigo iliyowashinda nyumbu, wakala miiba iliyoachwa na wanyama wengine, na wakastahimili kiu. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka mwaka 1861, na jaribio likaachwa, ngamia wakauzwa. Ali alibaki. Alifanya kazi ya kuchukuza mizigo, akatafuta madini, akaoa, na mwaka 1880 akapata uraia kwa jina la Philip Tedro. Alikufa hapo mwezi wa Desemba 1902.

Je, alikufa hali angali akisali? Hayo ni baina yake na Mola wake, nasi hatukuja kumhukumu. Piramidi na sanamu si desturi yetu katika makaburi, na mke wangu aliyasema hayo waziwazi. Lakini waliolijenga walitaka kumheshimu kwa njia waijuayo wao. Tulimwombea. Mjukuu mkubwa aliuliza, "Babu, ngamia walikuwa hawasikii joto?" Nikamweleza kwamba ngamia huuacha mwili wake upate moto mchana na kuupoza usiku, digrii kadhaa, ili asipoteze maji kwa jasho. Akafikiri, akasema, "Kama tela letu." Sikuwa na jibu lililo bora kuliko hilo.

Turudi kambini. Siku hiyo ya pili joto la nje lilifika 40, zaidi ya jana. Ndani, kwa kuligeuza tela, kuziba dirisha na kuendesha feni, kipimajoto hakikupita 41. Tofauti ya digrii sita kwa kazi ya nusu saa! Lakini 41 si mahali pa kumlaza mtoto, na hewa ya joto kama hilo feni haipozi. Humpuliza mtu kama mvukuto upulizavyo makaa.

Hapo mke wangu alichukua kanga yake, akaichovya katika ndoo, akaikamua nusu, akaitundika kwenye lile dirisha la chini lililoachwa wazi. Mimi nilimwambia, "Mama, hiyo haina faida, mara ngapi tumefanya hivyo Tanga tukapata uvundo tu?" Hakunijibu. Nilipoweka mkono nyuma ya kanga nikashtuka. Hewa iliyopita ilikuwa baridi. Kipimajoto kilichowekwa hapo kilishuka mpaka 28, na kitandani, baada ya muda wa saa moja, ilikuwa 34.

Nililazimika kujieleza mbele ya wajukuu, na maelezo yenyewe ni haya. Maji hayageuki mvuke bure. Huhitaji joto, na joto hilo huliteka katika hewa inayoyagusa. Lita moja ya maji ikivukika huchukua joto lipitalo mara tano lile la kuichemsha lita hiyo tangu ubaridi wa barafu hata kuchemka. Hii ndiyo siri ya mtungi wa udongo: maji hupenya vinyweleo vyake, hukauka kwa nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Wasafiri wa zamani wa jangwa la Marekani walitundika mbele ya motokaa zao mifuko ya turubai iliyojaa maji, nayo ilipoa kwa upepo kwa njia hiyo hiyo. Na watu wa Phoenix, kabla ya viyoyozi, walilala barazani wamezungukwa na shuka zilizoloweshwa. Kisha katika miaka ya 1920 na 1930 wakatengeneza masanduku yenye feni na nyuzi za mbao zilizotiwa maji, na mashine hizo zingalipo.

Basi kwa nini Tanga haifai? Kwa sababu hewa ya Tanga imekwisha kunywa. Hewa ya Arizona mwezi wa Mei huwa na unyevu wa sehemu 10 kwa mia, au chini yake. Ikiwa na joto la 40, maji yaweza kuipoza mpaka karibu na 19 kabla haijashiba. Hewa ya pwani yetu yenye joto la 32 na unyevu wa sehemu 70 kwa mia haiwezi kushuka chini ya 27, na hata hapo imejaa maji, jasho haliondoki mwilini. Ndiyo maana wazee wetu wa pwani hawakutundika shuka mbichi, bali walijenga nyumba ndefu kwenda juu, kuta nene, baraza, na paa la makuti lipumualo. Na wenyeji wa asili wa jangwa lile, watu wa O'odham, walijenga banda lisilo na kuta, nguzo za mesquite na paa la matawi, ambalo kama ungaliliona ungalidhani limejengwa na fundi wa Pangani.

Jambo moja mke wangu aliliona kabla yangu. Kanga hukauka kwa muda wa robo saa, na kila kuilowesha ni maji. Jangwani bomba hakuna; maji yetu yalikuwa madumu manne. Basi aliweka beseni chini ya mikono yetu wakati wa kutawadha, na maji yaliyodondoka ndiyo aliyochovyea kanga. Kwa hesabu yangu kanga ilitumia kiasi cha lita 10 tangu Adhuhuri hata Alasiri. Mwenye watoto na asahau kabisa habari ya kulowesha vitambaa ikiwa maji ya kunywa yamebaki machache.

Mtoto alilala mchana ule, na safari hii bibi yake hakuondoka kando yake.

Baada ya Alasiri yule mzee alikuja kutuaga; kipuri chake kilikuwa kimefika. Alisema kesho itakuwa kali kuliko leo, na hakuna kanga wala karatasi ya alumini itakayotufaa siku ikifika 45. Kila mita 1,000 apandazo mtu, joto hupungua digrii sita mpaka kumi. Quartzsite iko chini ya mita 300 juu ya bahari. Prescott, mji ulio katika misitu ya misonobari, uko mita 1,600 na zaidi, na njia yake ni kilomita 200 na kitu. Tuliingoja saa kumi na moja jua lilegee, kwa maana kukokota tela mlimani katika joto huichemsha injini. Tukapita Salome, Aguila, na Congress. Kutoka Congress barabara hupanda ghafula kwenda Yarnell, kona juu ya kona, nasi tukazima kiyoyozi cha motokaa na kufungua vioo ili kuipunguzia injini kazi. Hewa iliyoingia mwanzo ilikuwa ya moto. Katikati ya mlima ikawa vuguvugu. Tulipofika juu mjukuu mkubwa akaomba kioo kifungwe.

Tulisali Magharibi na Isha pamoja chini ya misonobari. Kipimajoto kilisema 19. Mke wangu, aliyekuwa amejifunga kanga moja mbichi na nyingine kavu, alitaka blanketi, na blanketi lilikuwa moja tu, nalo lilikwisha chukuliwa na watoto.

Mwezi wa Agosti, sisi tukiwa tumekwisha rudi Tanga, binti yetu alituandikia. Mumewe amelipaka paa rangi nyeupe, na ameshona turubai jingine la ubavuni kwa ajili ya jua la jioni. Walikwenda tena nje ya mji siku moja ya Julai, majira yao ya mvua za ngurumo, mawingu yamesimama na hewa nzito. Akatundika kanga dirishani kama alivyofundishwa na mama yake, akaingoja. "Mama," ameandika, "ilikuwa kama Tanga." Wakafunga tela, wakapanda mlimani kabla ya saa sita.